Sura ya Malkia Mwanamvua

Paukwa!
Pakawa.
Mnaitikia kama wagonjwa. Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na kisima.
Kikawa!
Palikuwa na malkia.
Akawa!

Basi, zamani hizo, ambazo mimi nazililia mpaka leo, wanyama walitawaliwa na Malkia Mwanamvua. Ndiye aliyewachimbia kisima. Alipokufa wakabaki na nyimbo zake. Mwaka huu nyimbo zikampa shingo ya twiga, mwaka wa pili zikampa macho ya swala, mwisho akawa mzuri hata jua linamwonea haya. Waliomwona kwa macho walikwisha kufa wote, isipokuwa Bibi Nguchiro. Huyo ujana wake aliumalizia mgongoni kwa malkia, akimtoa kupe.

Ukame ukaja. Kisima kikajaa mchanga, yakabaki maji ya kulamba tu. Wajukuu wa Bibi Nguchiro wakalia kiu. Hapo ndipo Chui alipokuja akajilaza mbele ya kisima. Akasema malkia alikuwa mzuri, na yeye Chui ni mzuri, kwa hiyo ni mjukuu wake, na kisima ni urithi wake. Atakayegusa maji, atamla. Wanyama wakayatazama yale madoa yake, wakarudi nyuma.

Bibi Nguchiro akajongea, chaka chaka chaka. Akamwambia kuwa uzuri anao, hilo halina ubishi. Ila mrithi wa Mwanamvua hutawazwa kwa desturi yake mwenyewe malkia: hupakwa tope, hupiga magoti, huchimba. Chui kwa tamaa akaona hilo dogo. Akapakwa tope, akapiga magoti, akachimba. Paru paru, paru paru.

"Bado, Bibi?"

"Bado kidogo, mjukuu wa malkia."

Paru paru, paru paru. Kucha zikamwisha.

"Bado, Bibi?"

"Bado kidogo, mjukuu wa malkia."

Mara bwu bwu bwu, maji yakabubujika. Wale wajukuu wakayarukia, wakanywa. Chui alikuwa bado amepiga magoti, anahema, tope limemganda usoni mapande mapande. Bibi Nguchiro akamtazama, machozi yakamlengalenga.

"Haya, watangazie wote," akamwambia. "Sema bibi yako alikuwa ngiri."

"Ngiri?"

"Ngiri, baba. Uso vinundu vitupu, meno nje, tope mpaka masikioni. Hivi ulivyo sasa ndivyo alivyokuwa."

Chui akageuka, akaona wanyama wote wanamsubiri.

"Mimi na ngiri wapi na wapi? Huyo si bibi yangu."

"Mmesikia," Bibi Nguchiro akawaambia wenzake.

Chui aliyemkana bibi akawa hana urithi. Akaondoka amejaa aibu, akaenda kujilamba huko mbali.

Wanyama wakanywa wakashiba. Kisha wakamuuliza Bibi Nguchiro kama kweli malkia wao alikuwa na sura mbaya hivyo.

"Mbaya sana, wanangu," akasema. "Na tulikuwa tukiiona inakuja, tunakimbilia kuipokea."

Ngano yangu imefika ukingoni. Iliyo tamu ni yenu, iliyo chungu niachieni mwenyewe. Na funzo lake? Mtu ni sura, jamani. Jipakeni mafuta, msibanduke kwenye kioo, na kazi ya kuchimba visima waachieni wenye sura mbaya.