Pale Miguu ya Bibi Orsola Ilipokoma

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama waliolala na njaa? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu akiwa bado hajaota meno, palikuwa na kijiji juu ya kilima, ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Waitalia. Jina la kijiji silijui, na anayelijua asinikatize. Watu wa huko hawakulima muhogo wala mtama. Walilima zabibu, wakazikamua, wakapata divai. Usininunie, wewe mwenye kanzu. Mimi siuzi divai, natoa hadithi.

Kijijini hapo alikuwepo mjane, Bibi Orsola. Mfupi, mkavu, wa maneno machache. Alikuwa na mwana mmoja, Nevio, na Nevio alikuwa na mke, Fiorina. Shamba lao lilikuwa dogo, safu ishirini tu. Lakini zabibu zake zilikuwa za asili ya hapo hapo, kilima kingine huzipati.

Zilikuwa aina mbili. Ya kwanza iliitwa Morina, nyeusi, tamu, yenye harufu nzuri. Ya pili iliitwa Kunja-uso, maana ukiila, uso hukunjika wenyewe. Baada ya kila mashina matano ya Morina lilisimama shina moja la Kunja-uso. Nani aliyapanga hivyo? Waliopanga walikwisha lala makaburini, na sababu walikwenda nayo.

Ghalani mlikuwa na pipa la ukoo. Divai ya kila mwaka ilimiminwa juu ya divai ya miaka iliyotangulia, vizazi vitano, pipa halijakauka hata siku moja. Mbao za pipa hunywa kidogo kidogo, na bila divai mpya lingepungua. Likipungua, hewa huingia, na divai yote, ya mababu na ya juzi, hugeuka siki. Basi kila asubuhi Bibi Orsola alilibisha kwa kidole. Du, du, du. Limejaa. Akaenda zake kulisha kuku.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mzazi akizeeka, alimkabidhi mwanawe kisu cha kupogolea mizabibu. Akishakitoa, haamuru tena shambani. Akiona kosa, anaruhusiwa kusema mara moja. Kusema mara ya pili ni kumvunjia mwana heshima mbele ya kijiji. Na Bibi Orsola alikuwa amekwisha mkabidhi Nevio kisu.

Baridi ilipoingia, Nevio akatangaza kwamba Kunja-uso inakula ardhi bure. Ataing'oa yote, apande Morina mahali pake. Mama yake akasema mara yake moja.

"Usizitenganishe, mwanangu. Nilizikuta pamoja."

"Kwa nini, mama?"

"Sijui. Nilizikuta pamoja."

Nevio akacheka, akasema sijui haijazi pipa. Jembe likashika kazi. Kwachu, kwachu, kwachu. Safu ya kwanza, kwachu. Safu ya pili, kwachu. Mpaka safu ya ishirini. Bibi Orsola aliomba shina moja tu, lile lililokwea mti wa mforosadi kando ya kisima. Alisema huwa anaanika nguo zake hapo. Nevio akamwachia. Nani atamnyima mama yake kamba ya nguo?

Joto likaja, Morina ikachanua. Maua yakapukutika, pu, pu, pu, yakaanguka chini bila kuacha tunda. Wakati wa kuvuna, shamba zima lilitoa ndoo moja. Nevio alilaumu mvua. Bibi Orsola hakulaumu kitu. Aliuliza tu ile ndoo imechumwa wapi, na Fiorina akamjibu kuwa yote imetoka kwenye mashina ya jirani na kisima.

"Ni maji ya kisima," Nevio akasema.

Bibi Orsola akaitazama kamba yake ya nguo. Mara yake ilikuwa imekwisha. Asubuhi akabisha pipa. Du, du, ngo. Limeshuka.

Mwaka wa pili, kabla ya maua, Nevio akanoa shoka. Akaapa kuwa Morina isipozaa safari hii, ataikata yote, maana imezeeka. Fiorina akauliza, na pipa je? Wote walijua kwamba mwaka mmoja zaidi bila divai mpya, mababu watano watageuka siki. Bibi Orsola alibisha. Ngo, ngo, ngo. Siku ile hata kuku alisahau kuwalisha.

Maua yakafunguka. Alfajiri Bibi Orsola akaenda kwenye mforosadi, akakata matawi ya Kunja-uso yenye maua, akajaza kapu. Akashuka shambani. Kila shina la Morina alilikung'utia tawi. Vumbi la njano likatoka, likatua juu ya maua. Shwa, shwa, shwa. Shina moja. Shwa, shwa, shwa. Shina la pili. Magoti yakimshinda, alikaa chini. Akiinuka, aliendelea.

Majirani wakasimama kwenye ukuta kutazama. Wakasema mama Nevio amechanganyikiwa, anapangusa shamba vumbi kama anapangusa kabati. Nevio alisikia, na aibu ikamchoma. Akashuka kwenda kumrudisha nyumbani.

"Mama, wananicheka."

"Kisu ni chako, mwanangu, na sijakigusa. Maua haya ni ya kamba yangu ya nguo."

Nevio akageuka. Akapanda nyumbani, akafunga dirisha. Nami nasema wazi, hapo simpendi Nevio. Mama yako anatambaa juani, wewe unafunga dirisha?

Siku tatu Bibi Orsola alifanya hivyo. Shwa, shwa, shwa. Siku ya nne miguu ikakataa. Fiorina alimkuta amekaa chini, kapu mapajani, akambeba hadi kitandani. Na maua hayamngoji mgonjwa. Kesho yake yakapukutika.

Baada ya wiki kadhaa Nevio akateremka na shoka lake begani. Safu ya kwanza, akakuta punje ndogo za kijani, zimeshikana vichala kwa vichala. Akashangaa. Safu ya pili, vichala. Safu ya tatu, vichala. Akatembea hadi safu ya kumi na moja, vichala. Akaingia safu ya kumi na mbili. Vichala, vichala, halafu hakuna. Katikati ya safu, shina moja limebeba na jirani yake ni tupu. Toka hapo hadi safu ya ishirini, utupu mtupu.

Akainama. Chini palikuwa na matawi makavu ya Kunja-uso, na udongo bado una alama ya mtu aliyekaa. Hapo ndipo miguu ya mama yake ilipokoma, na zabibu nazo zilikoma hapo hapo. Majuto ni mjukuu. Nevio akaweka shoka chini, akalia kwa sauti mpaka wale majirani wa ukutani wakarudi ndani kwao.

Mavuno yalitosha pipa, na kikombe kimoja cha ziada hakikubaki. Bibi Orsola akabebwa hadi ghalani, akanyoosha kidole. Du, du, du.

Nevio akapiga magoti, akamrudishia kisu.

"Kishike mwenyewe," mama akasema. "Sasa ndipo umejua kinavyokata."

Bibi Orsola hakuuona mwaka uliofuata. Nevio alichukua vipandikizi vya Kunja-uso kutoka kwenye mforosadi, akavirudisha shambani, shina moja kila baada ya matano. Cha kwanza kabisa alikichomeka katikati ya safu ya kumi na mbili, kwenye ile alama. Na wanawe walipomuuliza kwa nini hapo, hakusema sijui. Aliwasimulia.

Basi, enyi mlionisikiliza, jambo ulilolikuta na sababu yake huijui, liulize kabla hujaling'oa. Na mzee akikwambia sijui, usicheke. Huenda ameona kitu ambacho bado hakijapata jina.

Hadithi yangu imeishia hapo, katikati ya safu. Mwenye miguu yenye nguvu na aiendeleze.