Paka Aliyekataa Arobaini

Sogeeni karibu, na wewe uliyeegemea ukuta usogee zaidi. Sina ugomvi na kuta. Nina hadithi, na hadithi hii haipendi watu wanaoegemea. Mkiisikia mpaka mwisho mtanidai jibu, nami nawaambia mapema kwamba sina. Kazi ya kujibu ni yenu.

Palikuwa na mjane aitwaye Bi Kijakazi, katika mji wa nyumba za mawe na chokaa, zilizojengwa na watu ambao hata makaburi yao hayajulikani tena yalipo. Alikuwa na watoto wanne, na watatu wakubwa kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Makame alikuwa na masikio. Angepita nje ya nyumba ya mtu akasema, "Mtungi wenu una ufa," na wenyewe wakienda kuutazama wanaukuta kweli unavuja.

Mize alikuwa na mikono. Kuku mwenye kiwewe, mbuzi mgonjwa, mtoto anayewaka homa, wote walitulia akiwashika.

Pandu alikuwa na mgongo. Gunia ambalo wanaume wawili walilizunguka wakishauriana, yeye alilitupia begani akauliza liwekwe wapi.

Wa nne, Time, hakuwa na kipaji kinachojulikana. Alikuwa na mtoto mchanga. Alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua uzazi wa kwanza, kama ilivyo ada ya mji ule, akapata msichana mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Ada hiyohiyo ilimtaka mzazi akae chumba cha ndani kabisa, kile kisicho na dirisha, mpaka atimize arobaini. Ubani unafukizwa, kisu kinawekwa chini ya mto wa mtoto, na mzazi hakanyagi nje kwa sababu yoyote ile. Bi Kijakazi aliilinda ada hiyo kwa ukali. Yeye mwenyewe alitimiza arobaini nne katika chumba hicho, na mama yake kabla yake, na hakuna aliyewahi kudhurika humo.

Mwaka ule masika yalikuja na hasira. Mvua ilinyesha mpaka chokaa ikalainika kama unga uliokandwa. Nyumba ya Mzee Ameir, mtaa wa pili, ikaanguka yeye akiwa msikitini. Hazikupita siku nyingi, akaja kwa Bi Kijakazi na kikapu mkononi.

"Hodi, Bi Kijakazi."

"Karibu, Mzee Ameir. Pole kwa nyumba."

"Nimeshapoa. Nalala kwa mkwe wangu, na mkwe wangu hataki paka. Nihifadhie huyu na wanawe, mpaka nipate pa kujibanza."

Ndani ya kikapu alilala paka wa kijivu, jina lake Kibibi, na watoto wanne ambao macho yao hayajafumbuka. Majirani walikuwa wamekwisha jaa mlangoni.

"Usimpokee," wakamwambia. "Paka huyu aliwahamishia wanawe kwenye banda la kuku, na kesho yake nyumba ikalala chini. Ana nuksi huyo."

Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini aliwahamisha. Waliona paka, wakaona kifusi, wakafunga hesabu.

Bi Kijakazi akachukua kikapu. "Huyu ni mzazi," alisema. "Mzazi hafukuzwi kwenye mvua."

Nampenda mama huyu kwa neno hilo, nanyi mpendeni. Lakini kosa lake lilitoka humohumo kwenye wema. Akishamwita mtu mzazi, basi ni mzazi, hata akiwa na mkia. Akamwingiza Kibibi chumba cha ndani, kando ya kitanda cha Time. Akamfukizia ubani. Akawatia watoto wa paka nukta za wanja kwenye vipaji vya nyuso, husuda isiwapate. Pandu akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, bado kumfunga mkaja wa tumbo tu!" Bi Kijakazi hakucheka. Kama Time hatoki kabla ya arobaini, basi na Kibibi hatoki.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Kibibi alipofika alijificha chini ya kitanda, akawa hali, hanywi. Maziwa yakamkauka. Wanawe wakaanza kulia kile kilio chembamba kinachozidi kupungua, na kila mtu mle ndani alijua kikiisha kitakuwa kimeisha. Mize ndiye aliyelala sakafuni, shavu kwenye sakafu, mkono wake kaunyoosha chini ya kitanda bila kumgusa paka. Alilala hivyo mchana kutwa. Alichovya kitambaa kwenye maziwa ya mbuzi akawanyonyesha wadogo mmoja mmoja, na mama yao akimtazama kwa macho ya shaka. Mwishowe Kibibi akatoka akaja kulala kwapani mwake. Kuanzia hapo paka akala, maziwa yakarudi, na watoto wakanenepa. Bila mikono ya Mize, Kibibi angekufa au angetoroka, na nyumba ile isingekuwa na kiumbe wa kuijulisha lolote.

Baada ya hapo paka akaanza vituko vyake. Watoto walipofumbua macho tu, mmoja akakutwa uani, ndani ya kinu kilicholazwa kwa ubavu. Mize akatumwa kumrudisha. Baadaye wakakutwa wawili palepale. Mize akawarudisha. Kibibi akawa anawatoa, Mize anawarudisha, na kila akirudishwa paka anamtazama Mize usoni muda mrefu kabla ya kulala.

"Mama, nadhani hataki chumba hiki," Mize alisema.

"Mimi nilikitaka? Mzazi anakaa ndani. Huo ukorofi ni wa umri, utamtoka."

"Majirani wanasema anatuletea nuksi ya nyumba ya Mzee Ameir hapa."

"Majirani waambie waje wamlishe, halafu waseme."

Bi Kijakazi akafunga mlango wa chumba kwa komeo. Kibibi akaukwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Kisha akaacha kukwaruza, na huko kuacha kulikuwa kubaya zaidi. Akawakusanya wanawe karibu na kizingiti, mbali kabisa na ukuta wa nyuma, akakaa akiutazama ukuta huo bila kupepesa. Time, kitandani, akaanza kuogopa. Kitanda chake kilikuwa kimeegemezwa kwenye ukuta uleule.

Alasiri moja, mvua imetulia kidogo, Makame akaja kumjulia hali mdogo wake, na Bi Kijakazi akalirudisha komeo nyuma yake, paka asitoke. Alifungua mdomo atoe salamu, akaufunga. Akainua kidole Mama na Mize wanyamaze. Mtoto akalia, Time akampa ziwa, kukawa kimya. Makame akapanda kitandani akaweka sikio kwenye chokaa.

"Mama," alisema polepole, "ukuta unamwagika kwa ndani."

"Unamwagika vipi?"

"Kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Mchanga unateremka katikati ya mawe. Na boriti zinaanza kuguna. Mtoe Time sasa hivi."

"Ukuta huu ulijengwa na babu wa babu yako, Makame. Arobaini haijatimia. Nimtoe mzazi kwenye baridi, ugonjwa wa mchango umwingie mtoto, nikamzike? Kisha niwaambie watu nilisikia mchele?"

Msimcheke. Aliogopa kumwua mtoto, sawasawa na Makame. Waliogopa kitu kimoja, ila kila mmoja alikiona kinatokea upande wake.

Makame hakubishana tena. Alikwenda mlangoni akavuta komeo. Wa kwanza kupita alikuwa Kibibi, mtoto mmoja mdomoni, mbio, bila kugeuka nyuma.

Time akaketi kitandani. "Mama, paka kashatoka. Mimi nangoja nini?" Akamfunga mtoto kifuani kwa kanga, akashusha miguu. Bila masikio ya Makame, komeo lisingevutwa, na Time angekuwa amelala palepale.

Hapo ukuta ukaachia. Haukuanguka kwa kishindo, ulikaa chini kama mtu aliyechoka, na dari ikaufuata. Boriti ya juu ya mlango ikashuka kwa upande mmoja, mlango ukawa mdogo. Pandu alikuwa uani akichanja kuni. Alitupa shoka akaja akaingiza mgongo wake chini ya boriti ile, akainyanyua, mishipa ya shingo imemtoka. "Piteni!" Time akapita na mtoto. Bi Kijakazi akapita akiburutwa na Makame. Mize akapita na watoto wawili wa paka kwenye upindo wa nguo. Bila mgongo wa Pandu, wote wangebaki wakiusikia mlango ukizibwa.

"Pandu, toka!" Makame akapiga kelele.

"Bado mmoja!"

Kwa sababu Kibibi alikuwa amerudi. Alipita katikati ya miguu ya Pandu akaingia kwenye vumbi, na Pandu akangoja. Paka akatoka na mtoto wake wa mwisho mdomoni. Pandu akajaribu kuchomoka, boriti ikamwahi kiunoni.

Walimtoa hai. Lakini miguu yake tangu siku hiyo haisikii, na mgongo ule uliokuwa ukiuliza magunia yawekwe wapi, sasa wenyewe unageuzwa na watu kitandani.

Wakapokewa na kaka yake Bi Kijakazi, Mzee Mcha, mtaa wa juu. Wote, pamoja na kikapu cha paka. Nyumba yake kubwa, ya zamani kuliko ile iliyoanguka, na kuta zake nene mno. Akawapa chumba cha ndani kabisa. Ubani ukafukizwa, kisu kikawekwa chini ya mto, kwa kuwa arobaini ilikuwa bado.

Mtoto alikuwa hajapewa jina. Katika mji ule mtoto wa kwanza hupewa jina na bibi yake mzaa mama, na aliyempa jina ndiye wake wa maisha. Mtoto huyo ndiye atakayemlisha akizeeka, atakayemfumba macho akifa, atakayemwombea dua kila Ijumaa. Bi Kijakazi akawaita wanawe mbele ya kitanda cha Pandu.

"Haki yangu ya kumpa jina nimeipoteza," alisema, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. "Nilimfungia kaburini kwa mkono wangu. Aliyemwokoa ndiye ampe jina. Semeni ni nani."

"Mimi," alisema Makame. "Nilisikia, na nikafungua. Mke wangu alikufa bila kuzaa. Nataka jina lake, Mwatima, lirudi duniani."

Mize akamgeukia. "Wewe, kaka? Chumba chako kiko ukuta kwa ukuta na kile. Huo mchele hukuusikia siku zote zile?"

Makame akainamisha kichwa. "Niliusikia. Nikadhani ni panya."

"Paka aliyatambua hayo mapema, na paka yupo kwa sababu yangu," alisema Mize. "Nilimzika binti yangu, Mwanahija, na tangu hapo mikono hii haijapata kushika kilicho changu. Nipeni mtoto nimwite Mwanahija."

"Mikono hiyohiyo ndiyo iliyowarudisha paka ndani," Makame akamjibu. "Kila mara. Ulimwambia Mama hataki chumba, kisha ukambeba ukamrudisha."

Mize alitazama viganja vyake.

Pandu akasema kutoka kitandani, akiangalia dari. "Mimi sina jina la kumpa. Mwiteni mtakavyo. Mimi nataka mtu. Nani atanipa maji nikizeeka hapa?"

Makame, kwa uchungu kwa sababu alimpenda nduguye, akalisema lililokuwa kwenye mioyo yao. "Mtoto alikwisha toka, Pandu. Ungetoka naye ungekuwa mzima. Mgongo wako ulikwenda kwa paka."

"Na mtoto angekuwa wapi bila paka?" Pandu akauliza.

Wakaanza upya, sauti zikipanda. Bi Kijakazi akageuza kichwa huku na huku, kila aliyesema akamwona ana haki. Mzee Mcha akaingilia, na majirani waliokuja kutoa pole wakaingilia, chumba kikajaa maneno.

Time peke yake alikuwa kimya, mtoto ziwani. Ndiye aliyemwona Kibibi akiinuka kikapuni. Paka akaenda mpaka ukuta wa nyuma, akaunusa chini, akaunusa juu. Akarudi. Akamshika mtoto wake mmoja shingoni, akapenya katikati ya miguu ya watu, akatoka nje.

"Mama," Time akaita. Hakuna aliyemsikia. Wote walikuwa wakiamua.

Mimi niliwaacha hapo, wao bado wanabishana, na kikapuni wamebaki paka wadogo watatu. Watu wengine husema Makame, wengine Mize, wengine Pandu. Wapo wanaosema mtoto aitwe Kibibi, mambo yaishe.

Je, wewe ungeamua vipi? Jina angelitoa nani? Na kabla hujanijibu, niambie hili kwanza: ungekaa humo chumbani mpaka uamue, au ungemchukua mtoto ukamfuata paka?