Nusu ya Pili ya Uso

Siku ile sebuleni walikuwamo watu watano, na ni vizuri tuwataje wote kabla hatujaingia. Alikuwamo mama mwenye nyumba, aliyekuwa muuza vitumbua. Alikuwamo mwanawe wa pekee, fundi wa kutengeneza cherehani. Alikuwamo mke wa fundi, na binti yao wa miezi minane, aliyekuwa amepakatwa na bibi yake. Wa tano alikuwa jirani. Yeye alikuja kurudisha sufuria tu, akakuta watu wamekusanyika mbele ya kompyuta, naye akavuta kigoda.

Walikusanyika kutazama nini?

Fundi huyu tangu utotoni alipenda vitabu vya katuni. Mama yake alikuwa akinunua vitabu vikuukuu vya kufungia vitumbua, na mtoto alihakikisha anasoma kila ukurasa kabla haujaondoka na mteja. Ndiyo maana hadithi nyingi alizijua katikati tu. Mwanzo na mwisho vilikwenda na vitumbua. Alipokuwa mtu mzima alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akajifunza kuwatengeneza wale mashujaa humo ndani. Si kuchora. Ni kama kufinyanga udongo usiochafua mikono: unaminya pua, unavuta kidevu, unakigeuza kichwa kizima uone kisogo. Na magari yao aliyatengeneza pia, mpaka nati za magurudumu. Hakuviuza. Alivipenda tu.

Mkewe alimtania, "Mwenzangu una gari la magurudumu sita humo ndani, na mimi naenda sokoni kwa miguu."

"Vumilia kidogo," alimjibu. "Bado halina injini."

Mwaka ule mama alipatwa na kiharusi. Mungu alimhurumia, akaweza kutembea tena, kwa kuchechemea. Lakini mkono wa kushoto ulilegea, na uso upande huo ukaanguka. Kope ilishuka, mdomo ukapinda. Tangu hapo mama hakutoka tena. Kanisani hakwenda. Wageni wakija anajifunika kanga mpaka puani na kusema ana mafua. Mafua ya miezi saba, wapendwa. Na wageni nao walijibu pole, wakiangalia ukutani.

Mwanawe aliumia. Akaona hana dawa, lakini ana mikono. Akasema, nitamtengeneza mama awe shujaa wa katuni, mwenye gari lake mwenyewe, ajione alivyo mkubwa machoni pangu. Akaanza kazi.

Sasa wanaofanya kazi hii wana njia yao ya kupunguza taabu. Hawatengenezi uso mzima. Wanatengeneza nusu moja, jicho moja, shavu moja, nusu ya mdomo, halafu wanaiamuru mashine inakili nusu hiyo upande wa pili, kama kioo. Mara moja unapata uso kamili. Fundi wetu amefanya hivyo kwa mashujaa thelathini. Akafanya hivyo kwa mama yake. Alianza na upande wa kulia.

Jumamosi moja mchana akawaita. Akabonyeza, na mama akatokea kwenye skrini, ameshika usukani wa gari la magurudumu sita, kilemba kichwani, uso umenyooka, macho mawili yanang'aa.

Jirani akashika kifua. "Mwanangu, umemrudisha mama yako."

Mke wa fundi akafuta machozi. Mama aliendelea kuitazama skrini. Mtoto alikuwa ameingiza mkono chini ya kanga, akimchezea shavu lililolegea, analivuta kama anavyovuta mashavu ya watu wote.

"Huyu nani?" mama akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Mbona mdomo huu haujapata kumwaga uji." Akautazama uso ule tena, kwa upole, kama mtu anayemtazama marehemu aliyemjua. "Ni mzuri. Basi mpelekeni huyu kanisani. Mimi nitabaki nyumbani."

Hakuna aliyecheka.

"Mama, sikukusudia," mwana akasema. "Ni mashine. Unatengeneza nusu, yenyewe inanakili nusu ya pili."

"Nimekuelewa. Na wewe ulipoona ilichonakili, ulifanyaje?"

Kijana alikuwa ameiona. Aliona, na alifurahi, na akaendelea kupaka rangi gari.

Jirani akakumbuka ana maharage jikoni, akaondoka. Mke akamchukua mtoto. Wakabaki wawili.

Fundi akaizima ile amri ya kunakili. Kwenye skrini nusu ya uso ikatoweka, ikabaki nusu moja tu, na upande wa pili patupu. Akataka kuijaza. Akashika kipanya cha kompyuta. Hakujua aanzie wapi. Hakuijua kope ile imeshuka kiasi gani. Hakujua mdomo unapindia wapi. Miezi saba amemlisha mama huyu, amemwosha miguu, amemsomea barua, na siku zote alikaa kulia kwake. Alidhani anamstahi.

Akainuka, akahamisha kigoda.

"Mama, samahani. Naomba nikuangalie upande huu."

Mama akavuta kanga. Kisha akaiachia. "Angalia. Lakini kope usiishushe mpaka chini. Imelegea, haijafa."

Kazi ile ilichukua Jumamosi tatu. Si kwa ugumu wake. Mama alikuwa mkaguzi mkali. "Mdomo ushushe tena. Bado. Usinipendelee." Na mwanawe, kwa kuangalia sana, akaona jambo ambalo hata daktari hakumwambia: mama akicheka, shavu la kushoto halisogei, lakini pembeni mwa jicho ngozi inakunjika kidogo, kama maji yaliyopulizwa. Kumbe upande ule nao ulikuwa unacheka miezi yote hiyo, na hakuna aliyekuwapo kuupokea.

Jumamosi ya tatu mama akasogea mwenyewe mbele ya skrini.

"Gia umeziweka wapi?"

"Kushoto, mama, kama magari yote."

"Kama magari yote," mama akamwiga. "Mkono wangu wa kushoto haushiki hata kikombe, nitabadilisha gia kwa meno? Hamishia kulia. Na siti ipandishe, nione barabara."

Kijana akahamisha gia, akapandisha siti, huku akicheka na kulia pamoja.

Sisi je, wapendwa? Nani kati yetu hana mtu aliyemtengeneza nusu, akaiachia mashine ya moyo inakili nusu iliyobaki? Mume tunamjua upande wa siku anazochekesha. Mtoto tunamjua upande wa ripoti nzuri ya shule. Mgonjwa tunamwambia, "Utarudi kama zamani," tunaona tumemfariji, naye anasikia kwamba anayesubiriwa ni mtu mwingine. Tuombe uponyaji, tuombe bila kuchoka. Lakini tukishasema amina, tunakaa upande gani wa kitanda?

Jirani yule hakuwa mbaya. Mwana hakuwa mbaya, alikuwa mwana bora kuliko wengi wetu. Alikosa kwa upendo, na hilo ndilo linalopaswa kututisha. Tunaweza kumhudumia mtu kila siku kwa mikono yetu miwili na bado hatujamtazama.

Bwana wetu alipofufuka, mikono yake ilikuwa na makovu. Aliyemfufua alishindwa kuyafuta? Hakushindwa. Aliyaacha, na wanafunzi wakaonyeshwa, wakafurahi. Basi sisi tunapata wapi ujasiri wa kuwafutia wenzetu ya kwao, halafu tukasema tunawapenda?

Leo tukitoka hapa, kila mmoja aende kwa mtu wake. Asimpelekee maneno. Ahamishe kigoda.

Mama yule alikwenda kanisani Jumapili ya nne.