Kihwele na Mlio wa Pili

Katika enzi za mababu wa mababu zetu, Ulumba ilipokuwa haina lango wala mpaka, alizaliwa Kihwele mwana wa Semkali, mwana wa Nyandindi mhunzi. Kihwele Bega-la-Mlima, aliyesimamisha fahali kwa kiganja, na ambaye hasira yake, nisiwafiche, ilifika kila mahali kabla yake. Wengine wakisimulia huiruka hasira hiyo. Mimi siiruki, maana ndiyo chanzo cha sauti mnayoisikia kila masika.

Siku hizo Mfalme wa Nyanda, mtawala wa nchi zote zilizotuzunguka, alipotaka askari alituma watu wenye kamba, na wanaume wa Ulumba wakaondoka wamefungwa shingo kwa shingo, wengi wasirudi. Kihwele akaikata kamba ile, akaibeba mpaka barazani kwa mfalme, akaitupa miguuni pake na kutamka: "Mtu uliyemfunga, ukimfungua atakimbia. Niachie watu wangu, nami nitakupa jeshi la waliojitolea. Nyumbani watakuwa wa Ulumba. Ukiwaomba kwa vita watakuwa wako. Vita vikiisha, wanarudi kwao." Mfalme akakubali.

Ndivyo lilivyozaliwa Jeshi la Hiari. Kila aliyeingia alileta jembe lake na mkuki wake, akasimama mbele ya watu na kusema maneno mawili tu: "Nimekuja mwenyewe." Aliyesukumwa na baba yake, au na aibu ya kuchekwa na wasichana, Kihwele alimrudisha nyumbani. Akaweka na sheria ya pembe: mlio mmoja ni maji, moto au nzige, shika jembe; milio miwili ni vita, shika mkuki. Pembe hiyo akamkabidhi dada yake Nyangulu, akasema asiiguse mwingine yeyote.

Ukaja mwaka wa masika marefu. Mto Lwiva ukaanza kulila tuta la Ibangu, lililokinga nyumba mia mbili za bondeni, na katika nyumba hizo mojawapo ilikuwa ya mama yao, kipofu, asiyeweza kukimbia. Asubuhi moja Nyangulu akapuliza mlio mmoja.

Na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amefika Chasama, mjumbe wa mfalme, kuliomba jeshi liende vitani. Kihwele akamjibu kwamba mto kwanza, vita baadaye. Wakasimama juu ya tuta wakingoja, na njia ikawa nyeupe, hapiti mtu. Chasama akacheka kidogo.

"Bwana Kihwele, hawa wako wa hiari labda wanangoja uji upoe."

Nyangulu akaiona shingo ya kaka yake inavimba. "Kaka, wako njiani. Usiiguse."

Kihwele akainyakua pembe mkononi mwa dada yake, akapuliza mlio uliotikisa majani ya ng'ambo.

Huko mashambani watu walikuwa ndio kwanza wanafunga majembe begani. Wakasikia. Wakahesabu miwili. Wakayatupa majembe, wakashika mikuki na ngao, na watu mia nne wakateremka mbio, tayari kufa, pasipo hata mmoja mwenye kitu cha kuchimbia udongo.

Kihwele alipowaona aliiteremsha pembe. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Mzee Kigodi, mkubwa wao, alisema tu: "Tumekuja kama ulivyotuita."

Hapo tuta likapasuka. Kihwele akajitupa kwenye ufa, akauziba kwa bega, akaamuru mikuki yote ichomekwe ardhini kumzunguka, ngao zipangwe juu yake, na udongo ukombwe kwa kucha. Wakakomba. Udongo ukafika kifuani, ukafika kidevuni, wakasita. Kigodi akamsihi atoke.

"Nikitoka, mto unaingia kwa mama. Fukieni. Hakuna aliyenifunga. Nimekuja mwenyewe."

Wakamfukia, na konzi ya mwisho ya udongo aliiweka Nyangulu. Chasama alikuwa amevua kilemba chake akikibebea udongo. Akarudi kwa mfalme kichwa wazi, akamweleza mikuki ya Ulumba iko wapi. Mfalme akaenda vitani bila sisi, na kamba haikuletwa tena.

Tangu siku ile, pembe ikilia, mara moja au mara kumi, mtu wa Ulumba hushika jembe na mkuki pamoja. Wageni hutucheka kuona mtu anakwenda kuzima moto na mkuki begani. Wacheke.

Na kila masika tunajipanga juu ya tuta, kila mmoja anatamka maneno yake mawili, mpaka wa mwisho. Kisha tunangoja. Yanatamkwa tena, chini ya nyayo zetu, taratibu, kama ya mtu mwenye udongo mdomoni. Wapo wasemao ni maji. Nimesimama pale masika thelathini, na maji nayajua.

Nyangulu, hadi uzee wake, ndiye aliyekuwa akimjibu. Leo tunamjibu sote, kwa sauti ya chini, kama alivyotufundisha, ili atulie asipulize tena: "Tumesikia, kaka. Mara moja tu."