Arobaini ya Siku ya Ishirini na Sita

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisaidie kukata shauri lililonishinda.

Kata ya Mikoroshini ilikuwa na watu watatu waliojaliwa. Salmini, muuza nafaka, alijaliwa mali. Kitwana, katibu wa chama, alijaliwa mhuri: jina asilolipigia yeye halikufika kwenye karatasi ya kura. Bi Havijawa, mke wa fundi baiskeli, alijaliwa kupendwa. Akifikwa na msiba, mtaa mzima unalia naye.

Mwaka ule Bwakila aliutaka udiwani. Sheria ilikuwa imekaza: mgombea asimlishe mpiga kura hata sahani moja. Na watu wa Mikoroshini, tuambizane ukweli, hawampi kura mtu ambaye hawajala kwake.

Kitwana akatoa mhuri. Wanachama walikwisha kumchagua mwalimu mmoja mwadilifu. Kitwana akalikata jina lake, akaandika la Bwakila. Mwalimu alipouliza, akaambiwa, "Chama kina wenyewe."

Salmini akatoa magunia matatu ya mchele na ng'ombe wawili. Lakini watu watalishwa kwa kisingizio gani?

Hapo ndipo mume wa Bi Havijawa alipofariki. Mjane bado yumo edani, Bwakila, Kitwana na Salmini wakaja, yeye nyuma ya pazia, wao ukumbini.

"Pole, shemeji," Bwakila alisema. "Arobaini ya marehemu tutaisimamia sisi. Sheria haikatazi kulisha waombolezaji."

"Ahsanteni. Lakini arobaini inaangukia baada ya uchaguzi."

"Basi tuiwahishe," akasema Kitwana. "Marehemu hana kalenda."

Bi Havijawa hakutaka. Ila ndugu za mumewe walikwisha kumwambia ahame eda ikiisha, ana watoto wanne, na Bwakila alimwahidi kizimba cha kuuzia katika soko jipya, apate kodi ya chumba. Akakubali. Siku ya ishirini na sita watu mia sita wakala pilau, na dua haijamalizika, Bwakila akasimama kuomba kura. Siku ya arobaini yenyewe Bi Havijawa alikaa jamvini na wanawe. Hakuja mtu hata mmoja.

Bwakila akashinda. Eda ilipokwisha, kizimba kilikuwa kimebaki kimoja, na wote watatu walikuwa ofisini kwake wakikidai.

"Bila mali yangu mngepika mchanga?" alisema Salmini.

"Bila mhuri wangu diwani angegombea chumbani kwake," alisema Kitwana.

Bi Havijawa akawageukia. "Wewe mchele utanunua mwingine. Na wewe mhuri wako umo mfukoni hadi leo. Mume wangu alikuwa na arobaini moja tu, nami nimeiuza."

Kitwana akacheka. "Usijali, mama. Si nasikia bi mkubwa, mama yako, naye hajiwezi? Uchaguzi mwingine hauko mbali."

Diwani akafunika kalamu yake. "Mimi ni mtumishi wa wananchi. Watakayemtaja wao, huyo nitamtilia saini."

Basi wananchi ndio sisi. Bila mali hakuna pilau, bila mhuri hakuna mgombea, bila msiba Bwakila angeenguliwa kwa kulisha watu. Ukimpa Bi Havijawa, umemlipa aliyeuza dua ya mumewe. Ukimnyima, analala nje na watoto wanne. Je, nyinyi mliokula, mkanawa, mkaenda kupiga kura, mngempa nani?