Siku Bi Mboni Alipolikataa Gari la Hozza

Nimetumiwa hadithi hii na mtu ninayemheshimu, wala hakuniambia ameipata wapi. Isome taratibu, kisha umpelekee yeyote unayemjua ambaye hapendi kuambiwa amekosea.

Korogwe palikuwa na muuza mbao aitwaye Hozza. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mchangamfu, mkarimu, mwenye mdomo mwepesi. Alikuwa na gari dogo la bluu, la milango minne. Siku za kazi lilimpeleka kwenye ghala lake la mbao, Ijumaa lilimrudisha mkewe, Mama Tulia, kutoka sokoni na vikapu vya mboga na samaki, na Jumapili liliwafikisha kanisani. Lilikuwa gari la familia, kama magari mengine ya mtaani.

Nje ya mji, katikati ya shamba la mkonge, kulikuwa na uwanja wa ndege wa zamani ambao haukutumika tena. Klabu moja ya madereva iliuomba uwanja huo, ikaufagia, ikapanga matairi chakavu kutengeneza kona. Kila baada ya miezi miwili watu walikuja na magari yao ya kawaida, wakayakimbiza humo mmoja mmoja huku wakipimwa muda. Zawadi yenyewe ilikuwa kikombe cha bati. Watu walifuata raha ya kukanyaga mafuta mahali pasipo na ng'ombe wala malori.

Hozza alikwenda mara moja kutazama, akarudi nyumbani hana usingizi. Naye alitaka kuingia.

Klabu ilikuwa na masharti. Kila gari lazima liwe na upinde wa chuma nyuma ya viti vya mbele, ili paa lisibonyee likipinduka. Lazima liwe na mikanda mipana ya kupita mabega yote mawili, mtungi wa kuzimia moto uliofungwa mahali ambapo mkono wa dereva unafika, na kofia ngumu kwa kila aliyemo ndani.

Mama Tulia aliposikia habari hizo hakumkataza. Alisema tu kwamba kama jambo hilo ni salama kwa mumewe, basi ni salama kwake pia. Mwaka ule walikuwa wanatimiza miaka ishirini ya ndoa, na zawadi aliyoitaka ni kuzungushwa uwanjani mara moja, auone mwendo ambao mumewe anajisifia kila siku. Hozza alifurahi mno. Akaagiza vifaa vya watu wawili.

Vifaa vilichelewa, vikafika Alhamisi, na mbio zilikuwa Jumamosi. Hozza akavipeleka mbio kwa fundi Chande. Chande alikuwa fundi anayejua kazi. Alimweleza kwamba upinde wa chuma hautamsumbua, lakini mikanda inataka muda. Bati la sakafu ya gari ni jembamba, alisema, haliwezi kuishika bolti peke yake. Chini yake lazima lichomelewe bamba nene la chuma, na kabla ya hapo kapeti yote itolewe sakafu ikaguliwe. Akaomba wiki mbili.

Hozza akamwambia hana wiki mbili, ana siku moja. Atoboe, apitishe bolti, aweke washa kubwa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, hayo mengine yatafuata. Chande akasita. Mwishowe akaichana kapeti mahali pa bolti tu, akafunga kama alivyoagizwa, kwa kuwa mwenye gari alikuwa amemsimamia akitazama saa.

Jumamosi asubuhi Hozza na mkewe walifika uwanjani wamependeza, kofia zao zikiwa magotini. Kabla ya kuingia, kila gari lilipita kwa mkaguzi. Mkaguzi alikuwa Bi Mboni, mwanamke aliyekaribia miaka sitini, ambaye alistaafu ufundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli. Alivaa ovaroli, akajifunga kilemba, na mkononi alishika tochi pamoja na kioo kidogo kilichofungwa kwenye kijiti.

Aliutikisa upinde wa chuma, akaridhika. Akaugusa mtungi wa moto, akazitazama kofia, akaridhika. Kisha akatandika gunia, akalala chali na kuingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu kiasi cha watu wa nyuma kuanza kupiga honi.

Alipotoka alijifuta mikono na kusema, "Bwana Hozza, gari hili haliingii leo."

Hozza alidhani anataniwa. Alimwonyesha mikanda, akamwambia ni mipya, hata harufu ya dukani haijaisha.

"Mikanda haina kosa," Bi Mboni alisema. "Kosa ni mahali ilipofungwa. Bolti zimeshika bati tupu."

Hozza alimsihi. Aliposhindwa kumsihi akabishana naye, na aliposhindwa kubishana akasema maneno ambayo hayakumfaa mtu wa heshima zake. Alisema, watu wote wakisikia, kwamba mtu aliyezoea mabehewa hawezi kujua mambo ya magari, na kwamba kuna watu wakipewa kijiti mkononi hujiona mahakimu. Bi Mboni alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akaandika neno moja kwenye karatasi yake, akaliita gari linalofuata.

Njia nzima ya kurudi Mama Tulia alikuwa bado ameishika kofia yake magotini.

Hozza hakulala vizuri, na kulipokucha alikuwa na mpango. Jumapili ile, baada ya ibada na chakula cha mchana, aliwaita vijana wanne wa kupakia mbao, wenye vifua vilivyozoea magogo, akawapa kamba nene ya katani. Wa tano, aitwaye Mhando, akapewa simu arekodi. Mpango ulikuwa kuufunga mkanda kwenye kamba, kuuvuta kwa nguvu zote, na kuwaonyesha wanachama wote wa klabu, kwenye kundi lao la simu, kwamba bolti zimeshika na Bi Mboni ni mwanamke mwenye roho mbaya.

Walianza na kiti cha dereva. Vijana wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Gari likayumba juu ya springi zake, lakini bolti haikusogea. Wakavuta tena. Haikusogea.

Hozza akacheka, akaigeukia simu, akasema, "Bi Mboni, jionee mwenyewe."

Mama Tulia alikuwa amesimama barazani muda wote huo. Akashuka ngazi pole pole, akasogea mpaka kwenye gari.

"Na wangu, Baba Tulia?" aliuliza.

Hozza akasema hakuna shida, hata huo watauvuta. Kamba ikahamishiwa upande wa pili. Vijana wakajipanga, wakahesabu, wakavuta. Mara ya pili bati lililia kama kopo linalopasuliwa, na wote wanne wakaanguka chali kwa pamoja.

Mkanda ulikuwa umelala mchangani. Bolti yake ilikuwa imeng'oka na washa yake, pamoja na kipande cha sakafu cha ukubwa wa kiganja, chembamba kama karatasi, kimeliwa na kutu pande zote.

Hozza akainua kapeti. Chini yake kulikuwa na unyevu. Maji ya vikapu vya samaki, ya miaka na miaka, yalikuwa yameingia hapo mahali Mama Tulia anapoweka miguu yake, yakala bati kimya kimya. Kupitia tundu aliuona mchanga wa ua wake.

Hakuna aliyecheka. Hozza alipiga magoti pale mlangoni, mkono mmoja ukiwa juu ya kiti. Alikuwa anaikumbuka ile kona ya mwisho ya uwanja. Alikuwa amejiahidi kwamba siku ya Jumamosi, mkewe akiwa pembeni, angechelewa kufunga breki pale, ili tu amsikie akipiga kelele za furaha.

Mhando akasogea, akauliza kwa sauti ya chini, "Bosi, nifute?"

Ilikuwa rahisi sana kwa Hozza kusema ndiyo. Watu sita tu, mbali na yeye, ndio waliokuwa wameona, na wote ni wake.

"Usifute," alisema. "Nipe simu."

Alikaa ngazini karibu na mkewe, akaandika kwa kidole kizito. Aliandika kwamba alirekodi picha hizi ili amwaibishe Bi Mboni, na kwamba watu wazitazame mpaka mwisho. Kiti cha mkanda uliong'oka ndicho ambacho mke wake angekalia jana. Fundi wake alimwonya, yeye ndiye aliyemharakisha. Mwisho aliandika, "Bi Mboni, nimekutukana mbele za watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele za watu." Akatuma upesi, kabla moyo wake haujageuka.

Baada ya karibu saa nzima mtu mmoja akaandika kwamba na yeye alikataliwa na Bi Mboni mwaka juzi, akaacha kuja uwanjani kwa hasira, na mpaka leo analikimbiza gari lake mahali pengine na bolti zile zile. Ametoka kuchungulia chini sasa hivi, na kesho anakwenda kwa fundi. Akafuata mwingine, na mwingine. Jioni ilipoingia walikuwa sita.

Bi Mboni mwenyewe aliandika mstari mmoja tu: "Bamba liwe na unene usiopungua milimita tatu."

Jumatatu Hozza alikwenda kwa Chande. Chande alipomwona alijiandaa kwa ugomvi, lakini Hozza alimwomba msamaha na kumwambia achukue muda wote anaoutaka. Chande alichukua wiki tatu. Alitoa viti na kapeti, akakata kila palipooza, akaweka bati jipya, akachomelea mabamba chini ya kila bolti, upande wa dereva pia. Upinde wa chuma akauvalisha sponji ngumu mahali ambapo kichwa kingeweza kuugonga. Jioni nyingi Hozza mwenyewe alimshikia tochi, akijifunza kutazama.

Mbio zilizofuata, Bi Mboni aliingia tena chini ya lile gari la bluu. Alikaa muda ule ule, kwa tochi na kioo kile kile. Akatoka, akajifuta mikono, akasema, "Ingia."

Hozza akamzungusha mkewe. Mikanda ilimshika Mama Tulia kama mikono ya mtu anayempenda. Kona ya kwanza alifumba macho, ya pili akafumbua, ya tatu akaanza kucheka, na walipofika mwisho akaomba mzunguko mwingine. Wakazunguka tena. Gari likasimama likiwa na vumbi tu.

Hakuna kilichotokea. Hozza alizima injini, akakaa kidogo akimtazama mkewe akivua kofia, nywele zimemlala, uso umejaa jasho na furaha. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kujaa shukrani namna ile kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea.

Wakaenda wote wawili kwa Bi Mboni. Walimkuta amekaa juu ya tairi, akinywa chai ya chupa. Hozza alimshukuru kwa maneno machache. Mama Tulia akamshika mikono yote miwili, ile yenye grisi, akaikumbatia kifuani kwake.

Bi Mboni aligeuza uso pembeni kwa muda. Kisha akasema, "Nina miaka kumi na miwili kwenye kazi hii. Mgonjwa akipona humshukuru daktari, maana alijua anakufa. Ninaowazuia mimi hurudi nyumbani wazima, kwa hiyo hawajui kitu. Nyinyi ndio wa kwanza kurudi."

Hozza akamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuzungushwa uwanjani.

Bi Mboni akatikisa kichwa. Alisema magari yote haya anayajua kwa chini tu. Hakuna aliyewahi kumwalika ndani.

Mama Tulia akampa kofia yake pale pale. Bi Mboni alijitetea kwamba ana kazi, na kazi ilikuwa imekwisha. Alijitetea kwamba ni mtu mzima, wakamwambia hata gari ni la zamani. Mwishowe akaweka chini tochi na kioo, akavua kilemba, akavaa kofia. Mama Tulia ndiye aliyemfunga mkanda. Madereva walipoona nani amekaa kwenye kile kiti, wakaanza kusimama mmoja mmoja pembeni mwa uwanja.

Hozza aliondoka taratibu, kwa adabu, kama anayembeba mama yake mzazi. Walipokaribia ile kona ya mwisho akataka kupunguza zaidi, kwa heshima ya umri wake.

Bi Mboni alikuwa ametazama mbele, macho yanang'aa ndani ya kofia.

"Ongeza, mwanangu," alisema. "Gari hili nimelikagua mwenyewe."

Funzo: Anayetutoa shimoni tunamkumbuka maisha yote, lakini anayetuzuia tusitumbukie tunamwona adui. Mtafute leo mtu aliyewahi kukuambia "hapana" kwa faida yako, umshukuru angali hai, maana uzima ulio nao huenda ni kazi ya mikono yake.