Mwalimu Herieth na Mama Mwiko

Ndugu yangu, kabla hujaisambaza hii, isome kwanza mpaka mwisho. Tunajuana tabia. Mtu anasoma mistari miwili, anaona inamhusu jirani, anaituma haraka haraka. Hii huenda ikawa inakuhusu wewe.

Palikuwa na mwalimu mmoja pale Iringa, jina lake Herieth, akifundisha hesabu shule ya msingi. Mchapakazi, mwepesi wa kucheka, ila akishashika chaki humchezei. Akaolewa na Fidelis, fundi ujenzi aliyefiwa na mkewe na kuachiwa binti mmoja, Anjelista, wenyewe wanamwita Anje. Marehemu mama yake alikuwa muuguzi, akiitwa Konsolata.

Sasa mnajua maneno ya watu juu ya mama wa kambo. Herieth aliyajua yote, akaingia nyumba ile ameshajiapiza kwamba yeye hatakuwa mmoja wao. Hakumfokea mtoto, hakumtuma kupita kiasi, na picha ya marehemu ukutani hakuigusa isipokuwa kuifuta vumbi.

Anje naye hakuwa na kosa la kumshitakia kwa mtu. Asubuhi, "Shikamoo, Mwalimu." Akitumwa, "Ndiyo, Mwalimu." Akishiba, "Asante, Mwalimu." Baada ya hapo, kimya. Ungedhani anaishi bwenini. Jamani, afadhali mtoto anayekujibu vibaya, huyo unajua pa kumwanzia. Mwenye adabu ya namna ile unamwanzia wapi?

Siku moja Fidelis alirudi kazini, akakaa kwenye kigoda cha jikoni bila hata kuvua viatu.

"Dada Oresta amepiga simu," akasema. "Shule zikifungwa atakuja kumchukua Anje, akakae naye Makambako."

"Akakae kwa muda gani?"

"Moja kwa moja."

"Ni Oresta aliyetaka hivyo?"

Fidelis akaanza kufungua kamba za viatu. "Anje mwenyewe ndiye aliyemwomba."

Herieth aliinamia ungo wa mchele, lakini hakuona tena jiwe ni lipi na punje ni ipi. Alikuwa ameshampenda yule mtoto. Alipenda anavyosuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo huku ameng'ata kitana, anavyosoma akiwa amejifunika blanketi mpaka kichwani. Hakutaka chumba kile kibaki kitupu.

"Wewe usimbembeleze," Fidelis alimwonya. "Ukimbembeleza ndiyo atakimbia kabisa."

"Sitambembeleza," Herieth akasema.

Kilikuwepo kitu kimoja tu kilichomchangamsha Anje. Sebuleni, chini ya runinga, palikuwa na mashine kuukuu ya gemu, na gemu lenyewe lilikuwa la kupigana: unachagua mtu wako, mwenzako anachagua wake, mnatwangana mpaka mmoja aanguke. Herieth akiwa jikoni alikuwa akimsikia. "Chukua hiyo! Umeyataka mwenyewe!" Sauti ya mtoto mwingine kabisa. Mwalimu akajiambia, kama huyu mtoto ana mlango, mlango wenyewe ndio huu.

Jumamosi akavaa sweta lake, akachukua mwavuli, akaenda kwenye kibanda cha gemu karibu na soko, walikocheza lile lile la kupigana. Loh! Alipochungulia tu mlangoni, watoto walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja alipitia nyuma akaacha ndala.

Mwenye kibanda, kijana mnene aitwaye Bosco, alikuwa anakula karanga. "Kamwene, Mwalimu," akamsalimu. "Humu hakuna mwanafunzi wako. Hao waliokimbia ni wapita njia tu."

"Sijamfuata mtu. Nimekuja unifundishe kupigana."

Bosco alisahau kutafuna.

Akamkalisha, akampa kile kidude cha kuchezea, wenyewe wanakiita padi. Kwenye kioo zikajipanga sura za wapiganaji. Herieth hakupoteza muda, akamchagua aliyependeza kuliko wote, msichana mwenye mabawa na upanga wa moto. Pale kibandani walimwita Malaika. Alipigwa kabla hajayakunjua hayo mabawa.

"Huyo si wa kuanzia," Bosco akasema. "Kila pigo lake lina vitufe vinne, na ukikosea kimoja tu anasimama kuringa. Wengi wanadanganywa na urembo. Anayeanza anamchukua huyu hapa."

Akamwonyesha mwanamke mpana, amejifunga kilemba, ameshika mwiko wa ugali mrefu kama yeye mwenyewe. Vijana walikuwa wamempa jina la Mama Mwiko.

"Huyu hana mbwembwe. Haruki, hatemi moto. Kitufe hiki anasukuma, hiki anakinga, basi. Lakini haanguki ovyo, na ukikosea anakuvumilia. Kila mtu humu ameanza na Mama Mwiko. Hata mimi."

Kuanzia hapo Herieth akitoka shule alikuwa akipitia kibandani. Watoto walimzoea. Wale wale aliokuwa akiwakemea kwa kutojua jedwali la kuzidisha wakawa wanasimama nyuma yake wanapiga kelele, "Sukuma, Mwalimu! Kinga! Aaa, umechelewa!" Naye akajifunza, akaanza kuwashinda wadogo wadogo, na akirudi nyumbani alikuwa akitembea huku vidole vinacheza mfukoni mwa sweta.

Alasiri moja Anje alikuwa mbele ya runinga peke yake. Herieth akafuta mikono, akaja akakaa mkekani kando yake.

"Nipe hiyo padi nyingine."

Mtoto wa watu hamkatalii mkubwa. Akampa. Kisha akamtazama kwa mshangao. "Kwani Mwalimu unajua kucheza?"

Lilikuwa swali la kwanza kumwuliza tangu alipohamia nyumba ile. Herieth akajiweka sawa mkekani. "Kidogo," akasema, na bila kusita akaenda moja kwa moja kwa Mama Mwiko.

"Huyo hapana," Anje akasema chini chini.

Sasa kule kibandani Herieth alikuwa amejifunza kwamba wachezaji hutaniana. Akacheka. "Hapana ya nini? Unamwogopa, eh?" Akabonyeza.

Pambano likaanza. Mama Mwiko akasukuma, akasukuma tena. Mwalimu alikuwa ameyakodoa macho kwenye runinga, haoni kitu kingine duniani. Mpiganaji wa Anje akayumba, akaanguka chali.

"Nimekushinda!" Herieth akapiga makofi. "Nimekushinda, wewe mtoto!"

Akageuka. Anje alikuwa ameiweka padi mapajani. Hakuwa amebonyeza hata kitufe kimoja. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hayafuti.

"Huyo ni wa mama," akasema. "Mama hakujua kucheza. Akitoka zamu alikuwa anakaa hapo hapo ulipokaa wewe, anamchukua huyo."

Akainuka, akaingia chumbani. Mlango hakuubamiza. Adabu yake ilikuwa pale pale.

Hebu fikiria. Konsolata naye alikuwa mgeni wa gemu kama Herieth, akamchukua yule yule ambaye kila mgeni huambiwa amchukue. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kwa macho ya yule binti, mwanamke mwingine alikuwa amekuja akakaa mahali pa mama yake, akavaa sura ya mama yake, na akapiga makofi.

Usiku ule Fidelis alijaribu kumfariji mkewe. "Hukujua, Mama. Usijilaumu."

"Aliniambia hapana, Fidelis. Nilimsikia vizuri kabisa, nikamtania."

Kesho yake alipita kwa Bosco, akamweleza. Bosco akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi ngoja nikuonyeshe mwingine wa kuanzia. Yupo mzee mmoja wa fimbo, naye si mgumu." Herieth akakaa, akashika padi, akatazama zile sura zilizojipanga. Kisha akairudisha.

"Hapana, Bosco. Nikichagua tena mwenyewe nitakosea tena."

Akarudi nyumbani, akasimama nje ya chumba cha Anje, nyumbani kwake mwenyewe, akapiga hodi.

"Anje, jana nilikukosea. Uliniambia, sikukusikiliza. Nisamehe mwanangu."

Wangapi kati yetu tumewahi kumwomba mtoto msamaha? Tunawanunulia soda, tunajidai yamekwisha.

"Yule sitamgusa tena," Herieth akaendelea. "Na ukitaka nisicheze kabisa, sitacheza. Ila ukikubali nicheze, nichagulie wewe mtu wangu."

Kitasa kikazunguka. Anje akatoka na macho yamevimba, akapita bila neno, akawasha mashine. Akazitembeza zile sura taratibu, mtoto ni mtoto, akamchagulia Malaika. Mgumu kuliko wote. Kisha akamtupia Mwalimu jicho la pembeni aone kama atalalamika.

Herieth alijua kabisa anafanyiwa nini.

"Asante," akasema, akashika padi.

Akapigwa. Kesho yake akapigwa. Wiki nzima alipigwa, mabawa yamekunjuliwa, mabawa hayajakunjuliwa, kote alipigwa. Kwa Bosco hakwenda tena kujinoa. Alikuwa akimaliza kazi zake anakaa mkekani, anapokea kipigo chake, anasema asante, anaenda kusonga ugali. Na Anje kila siku alimpiga bila kusema kitu.

Mpaka siku moja uvumilivu ukamwisha, si Mwalimu, mtoto.

"Mwalimu! Sasa ndiyo unashikaje hivyo?" Akaitupa padi yake. "Kidole hiki hakitoki hapa! Kinakaa hapa, kinangoja. Hivi!" Akakishika kidole gumba cha Herieth, akakibandika kwenye kitufe. "Na wewe ndiye unafundisha hesabu?"

"Hesabu haina mabawa," Herieth akajibu.

Anje akaumauma midomo asicheke. Mkono wake ulisahaulika pale juu ya kidole cha Mwalimu kwa muda.

Lakini siku hazigandi. Shule zikafungwa, na Shangazi Oresta akaja na gari la kukodi. Begi la Anje lilikuwa limefungwa tangu jana, alilifunga mwenyewe. Herieth alikuwa ameamka mapema akapika chapati za safari, akazifunga kwenye kitambaa, akakifungua, akakifunga tena. Alitamani apige magoti. Alikuwa ametoa ahadi kwamba hatambembeleza, akasimama kando ya mlango akaishika ahadi yake.

"Wifi, za hapa?" Oresta akasalimu. "Hatukai, dereva ana haraka. Anje, twende mwanangu."

Fidelis akalinyanyua begi. Anje hakutoka katikati ya sebule. Alimtazama shangazi yake, akamtazama Mwalimu, akatazama miguu yake.

"Shangazi, mimi sitaweza kwenda."

"He! Kuna nini tena? Si wewe uliyenipigia simu?"

"Ndiyo, Shangazi. Lakini huyu..." Akamwonyesha Herieth kwa kidevu. "Huyu hajui kitu. Hata kukinga hajui. Nikiondoka nani atamfundisha?"

"Umfundishe nani? Mwalimu?"

"Ndiyo. Akishajua ndiyo nitakuja."

Oresta akamgeukia Herieth. "Wifi, na hayo masomo yenyewe yatakwisha lini?"

Herieth akaziweka chapati mezani.

"Wifi yangu, mimi ni mzito sana wa kuelewa," akasema. "Mwalimu wangu anajua. Sioni kama nitajua karibuni."

Hapo Anje akaangua kicheko, akamkimbilia, akaficha uso kwenye sweta lake. Shangazi akawatazama wote wawili, akamwambia dereva azime gari, akaketi akaomba chai.

Funzo: Ukiingia kwenye nyumba iliyoachiwa pengo, usikimbilie kulikalia hata kama ndipo panapokaribia mlango, waulize wenyewe ukae wapi, na ukipewa pagumu, shukuru ukae, maana anayekupa pagumu bado hajakufukuza.